Viatu vya Petro

Harufu ya pasi ya makaa juu ya kitambaa cha kaki hunirudisha kila mara Kombewa, karibu na ziwa upande wa Kisumu, kwenye kibaraza cha duka ambako mama yangu alishona sare za shule mwanzoni mwa miaka ya sabini. Cherehani yake iliposimama ghafla, na hakuna mteja aliyefika, nilijua amepata neno. Alikuwa ameishia darasa la tatu, na aliisoma Biblia kama alivyofumua koti la zamani ili ajue lilivyoshonwa: uzi mmoja mmoja, bila haraka, kila kipande akikilaza peke yake mezani. Alinitajia neno, nami, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake, nililiandika katika daftari. Kushoto neno lenyewe, kulia kile tulichokiona. Maana ilisubiri. Katika kisa cha Petro na wenzake ziwani, walipomwona Yesu aliyefufuka akiwa ufuoni, mama aliona kwamba Petro alijifunga vazi kwanza, ndipo akajitupa majini, akauliza ni nani katika ufuo wetu aliyewahi kuvaa nguo ili aogelee. Aliona pia kwamba makaa yalikuwa yamekwisha kuwashwa, na samaki yuko juu yake, kabla wavuvi hawajaleta wa kwao. Mambo hayo hakufundishwa na mtu.

Jumamosi alasiri wanawake kumi na wanne walikusanyika kibarazani kujifunza naye. Kanuni ilikuwa moja: yeyote, hata mtoto, aliruhusiwa kumkatiza msemaji kwa kumwambia, “Weka kidole,” na msemaji alipaswa kuweka kidole chake juu ya neno lenyewe katika Biblia. Asipoliona, alikaa chini, wengine wakaendelea, na hakuna aliyenuna. Nimetumikia masjala ya serikali kwa muda wote wa utu uzima wangu, na sijakutana na utaratibu bora zaidi wa kulinda ukweli.

Mwalimu wa kanisa letu, ambaye hapa nitamwita Zablon, hakuupenda utaratibu huo. Alikuwa ametoka upande wa Muhoroni, kwenye mashamba ya miwa, na alivaa viatu vyeusi vilivyong’arishwa hata siku za matope. Mwaka huo mchungaji aliyehamia Kisumu kutoka Mkoa wa Kati, ambaye kwa ajili yake ibada zetu ziliendeshwa kwa Kiswahili, alitangaza kwamba angemchagua mtu mmoja wa kusimamia mafunzo ya Biblia katika makanisa yote ya ufuoni, na mtu huyo angesomeshwa mjini mwaka mzima. Mama aliitamani nafasi hiyo. Hakumwambia mtu, lakini nilimwona akijishonea gauni la kijivu, la kwanza nililomwona akijishonea mwenyewe. Zablon akaja kuazima daftari, akisema ni wajibu wake kukagua mafundisho. Jumapili iliyofuata alihubiri habari za makaa na samaki kwa maneno yale yale ya mama, akadai amefunuliwa akiwa katika maombi. Aliporudisha daftari alisema mbele ya wanawake wote, “Mama Akinyi, kazi hii ya kuhesabu maneno inawafaa watoto wa darasa la pili. Ila mwandiko ni mzuri.” Mama alimshukuru. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na sikumshukuru.

Siku chache kabla ya mchungaji kuja kufanya uchaguzi wake, Zablon aliagiza tena daftari lipelekwe kwake. Nilitumwa mimi. Nyuma ya duka nililifungua kwenye ukurasa wa vazi la Petro, ambao hakuwa ameuhubiri, na chini ya neno hilo nikaongeza mstari mmoja kwa mwandiko wangu bora. Kushoto niliandika kwamba Petro alivua viatu. Kulia niliandika kwamba alivivua kwa sababu ufuo ule ulikuwa umegeuka mahali patakatifu, kama pale Musa alipokikaribia kijiti kilichowaka moto. Katika aya ile hakuna viatu. Nilijua mtu anayependa viatu asingeweza kuupita mstari huo.

Hakuupita. Mbele ya mchungaji alihubiri viatu vya Petro hadi jasho likamtoka. Nyuma yangu mzee mmoja mvuvi alimuuliza jirani yake kwa Kijaluo ni samaki gani huvuliwa na mtu aliyeingia mtumbwini na viatu. Ndipo nikasimama. “Mwalimu, weka kidole,” nikasema. Alitabasamu, akainamisha kichwa, na kidole chake kikaanza safari juu ya ukurasa. Kilishuka, kikapanda, kikageuza karatasi, kikarudi. Sijawahi kuona kitu kilichonipendeza zaidi. Mchungaji aliichukua Biblia, akaisoma aya kimyakimya, kisha akauliza habari hizo zilitoka wapi. Zablon akalionyesha daftari, na mchungaji akauliza ni la nani. Mama akainuka katika gauni lake la kijivu. “La nyumbani kwangu, Mchungaji. Na kosa hilo ni la nyumbani kwangu.”

Nafasi ikapewa mtu wa Pap Onditi. Wiki hiyo mama alilifumua gauni lile, uzi mmoja mmoja, akanishonea sketi ya shule. Hakunichapa. Alinisogezea Biblia, akasema, “Nyathina, mwanangu, weka kidole mahali ulipoambiwa ufanye vile.” Nimepatafuta mpaka leo na sijapaona. Lakini sijaona pia mahali alipoambiwa yeye amshukuru mwizi.

Mama hayupo tena. Mwezi uliopita nililetewa kijitabu cha maadhimisho ya kanisa letu, kilichochapwa kwenye karatasi zinazong’aa. Kinamtaja Zablon, ambaye sasa ni mkongwe wa kuheshimiwa, kuwa mwanzilishi wa mafunzo ya kidole. Picha yake imo, na viatu vyake vinaonekana. Nilipitisha kidole changu mstari kwa mstari, kurasa zote, nikilitafuta jina la mama. Zamani katika kibaraza cha udongo mtoto aliweza kumsimamisha mtu mzima kwa maneno mawili. Leo kuna kamati, mwenyekiti, katibu na mpiga chapa, na hakuna hata mmoja wao aliyeuliza.

Jumapili watafunua jiwe la ukumbusho lenye jina la Zablon. Nitakwenda na daftari. Wakiniuliza kuhusu viatu, nitaufungua ukurasa ule na kuweka kidole changu juu ya mwandiko wangu, kwa maana kosa lile ni langu na ukurasa huo sijawahi kuuchana. Kisha nitamgeukia yeye, niseme maneno yale yale mawili, na nitangoja, safari hii nikiwa nimekaa, kidole chake kitafute.