Katikati ya Magoti ya Mama

Harufu ya mafuta ya nywele yaliyopata joto la jua ikinifika puani, hata leo, wivu wangu wa zamani huamka. Msinicheke. Mimi ni Kulwa, pacha wangu ni Doto, na sidhani kama Ilemela nzima kuna mtu niliyewahi kumwonea wivu kama yeye.

Tulizaliwa siku moja, ila miguu yangu haikupata nguvu. Miaka ile mitumba ilipofurika mjini, baba alirudi na kiti cha magurudumu, nacho mtumba, kilichotengenezewa mtu mzima mwenye makalio ya maana. Nilipotea humo. Miguu ilining'inia mpaka ikafa ganzi, na nisipoangaliwa nilikuwa nimeshateleza, nusu nimelala. Shangazi wa Misungwi akatuletea pamba ya shambani kwake, mama akashona mto. Lo! Hakuna aliyekumbuka kutoa mbegu. Nilikalia mbegu wiki nyingi, nimenuna, Doto akicheka huku kashika mbavu.

Lakini kilichoniuma hasa ni Jumamosi, siku ya kusukwa. Doto alikaa chini mkekani, nje ya nyumba yetu iliyotazama ziwa, katikati ya magoti ya mama, kichwa kakilaza pajani, anasinzia kama paka. Ikifika zamu yangu, mama alisimama nyuma ya kiti. Nilihisi vidole tu, mama mwenyewe sikumgusa. Roho iliniuma, jamani, nikamwombea Doto chawa.

Jumamosi moja nikagoma.

"Na mimi nataka kukaa pale."

"Utaumia mgongo, mwanangu."

"Mbona Doto haumii?"

Mama akanishusha mkekani, akakaa kigodani nyuma yangu. Miguu yangu ikaenda huku na kule. Akanibana nyonga kwa magoti yake, akakunja kanga na kuniwekea chini ya mapaja, nyayo zangu akazitegemeza kwenye ndoo iliyojaa maji. Nikatulia. Kwa mara ya kwanza sikuteleza. Nikamtazama Doto kwa majivuno, koma wewe, naye akageuzia uso ziwani.

Baba alikuwa akituangalia. Jioni ile akakishika kiti. Kanga mbili zikakunjwa, moja kila upande, pale ambapo magoti ya mama yangekuwa. Pamba ikachambuliwa mbegu, na ubao ukafungwa kwa mpira wa tairi ili nyayo zipate pa kukanyaga. Kuanzia hapo nilikaa raha mustarehe. Ila kusukwa kitini sikukubali tena.

Majuzi Doto alikuwa akinisuka, mimi chini, yeye kwenye kigoda, magoti yake yamenibana vilevile. Nikamweleza jinsi nilivyokuwa nikimwonea wivu. Mikono yake ikasimama kichwani mwangu.

"Wewe mama alikushika," akasema. "Mimi alikuwa ananisuka tu."

Ndipo nikaelewa kwa nini siku ile aligeuzia uso ziwani. Miaka yote nilidhani alikuwa akitazama maji.