Nilivyoishika Adapta Hadi Tukuyu

Ilianza Jumapili, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Muda naujua kwa sababu nilikuwa nimekaa jikoni kwenye kigoda, daftari langu mapajani, na nilikuwa nimeshaandika siku na saa juu ya ukurasa. Chini yake hakuna kitu hadi leo. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa anamenya ndizi upande wa pili wa moto. Akaweka kisu chini taratibu, akasema, "Wifi, nadhani nimejikojolea."

Hakuwa amejikojolea. Hata mimi nisiyejua kitu niliyaona yale maji nikajua ni ya mtoto.

Mama hakuwepo. Alikuwa msibani Mpuguso tangu Ijumaa, aliondoka akisema mtoto bado wiki tatu, na simu yake haikupatikana. Kaka anafanya kazi Tunduma. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, ile mvua yetu ya mwezi wa nne isiyo na haraka, na bodaboda wote wa hapa Nkunga walikuwa wamejibanza kwenye kibaraza cha duka kwa sababu ya utelezi. Gari la karibu lilikuwa moja tu, la baba.

Kwetu mke wa kaka haonani na baba mkwe. Siku hizi wengi hawafuati, wanafunzi wenzangu wa Tukuyu mjini wanasema kwao wakwe wanapeana mikono na kuangalia taarifa ya habari pamoja. Nyumbani kwetu bado. Baba akifika getini anakohoa mara mbili, na wifi anaingia jikoni au anapita nyuma ya migomba. Baba anakula sebuleni, sisi tunakula jikoni. Miaka miwili wameishi kwenye kiwanja kimoja na sijawahi kumsikia wifi akiongea mahali ambapo baba anaweza kusikia. Hata kucheka anachekea kwenye khanga. Si kwamba hawapendani. Baba akirudi na samaki anasema, "Kile kikubwa mpelekee mwenzako," bila kumtaja. Ndiyo heshima yenyewe.

Nilikimbia kumwambia baba. Alikuwa chini ya banda anapanga mikungu ya ndizi. Akaiacha hapo, akaenda kuwasha gari.

Wifi alikataa kuingia. Alisimama nyuma ya jiko kwenye mvua, ameshika ukuta.

"Nitatembea mpaka barabarani," alisema.

"Wifi, mpaka Kyimo? Kwa tope hili?"

"Humo ndani nitalia. Najijua. Nitapiga kelele kama mbuzi, na baba atanisikia." Akanishika kifundo cha mkono. "Wewe si una ile pleya yako? Weka muziki. Weka sauti ya juu, nisisikike. Uniahidi, la sivyo siingii."

Nikaahidi. Mimi huwa siahidi vitu. Darasani hata nikijua jibu sinyooshi mkono. Ila nilimtazama usoni nikaahidi.

Sasa niseme muziki wenyewe ulivyokuwa. Redio ya gari la baba ilikuja na gari lenyewe kutoka Japani na masafa yake yanaishia tisini, kwa hiyo stesheni zetu nyingi haizipati, inatoa mluzi tu. Kaka alinunua adapta pale Mbeya, stendi. Unaichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kwa waya mmoja inachaji pleya yangu, kwa waya mwingine inachukua nyimbo na kuzirusha kwenye redio. Na pleya yangu, kidude cha ukubwa wa kiberiti, betri yake ilishakufa. Inaimba ikiwa kwenye umeme tu. Ikikosa umeme inazima, ukiurudisha inaanza upya, wimbo wa kwanza.

Tatizo ni tundu. Baba havuti sigara, hakuwahi kulijali, na limelegea. Alikuwa analibana kwa kipande cha ganda kavu la mgomba. Siku ile ganda lilikuwa limelowa unyevu, laini kama karatasi ya chooni. Niligundua kwamba adapta inakaa nikiikandamiza kwa kidole gumba, kidogo kwa kushoto. Nikiachia tu, kimya.

Baba alikuwa ameshakigeuza kioo cha katikati, kile cha kuangalia nyuma, kinatazama paa. Akakaa wima, macho mbele kama anapigwa picha ya kitambulisho. Wifi akaingia nyuma, khanga imefunika kichwa chote. Mimi mbele, kushoto kwa baba, mkono wa kulia kwenye adapta. Mkono wa kushoto wifi aliuomba. Nikaupitisha nyuma, kati ya kiti na mlango, akaushika.

Baada ya muda kwaya ya kwenye pleya ikaimba kwa nguvu mpaka vioo vikatetemeka. Baba hapendi kelele, lakini hakuizima. Nikadhani tutafika hivyo.

Uchungu wa kwanza ulikuja kwenye mteremko wa daraja. Wifi akaubana mkono wangu na kuuvuta kwake, mwili wangu wote ukaenda nyuma, kidole kikateleza, na muziki ukakatika. Nikarudisha kidole haraka. Pleya ikaanza upya. Wimbo wa kwanza kwenye pleya yangu unaanza na kinanda peke yake, polepole, karibu dakika nzima kabla watu hawajafungua midomo. Kwa hiyo ndani ya gari kulikuwa na kinanda kidogo kama cha ibada ya mazishi, na juu yake sauti ya wifi inayopita kwenye khanga aliyoing'ata.

Kwaya ilipoingia na kishindo chake, uchungu ulikuwa umeshapita. Tukakaa watatu tunasikiliza kelele ambazo hakuna aliyezihitaji.

"Mwambie apumue," baba alisema, macho barabarani.

"Wifi, baba anasema upumue."

"Mwambie napumua."

"Baba, anapumua."

"Mwambie tunapita kwenye kisima, si mbali."

"Wifi, tunapita kwenye kisima."

Kila mmoja alikuwa anasikia, hatua moja haifiki kati yao, na mimi ndiye niliyekuwa nafikisha ujumbe kwa sauti ya juu kuliko muziki.

Uchungu wa pili ukawa hivyo hivyo, na wa tatu. Kila aliponibana ndipo nilipovutwa, na kila nilipovutwa muziki ulikatika. Yaani ulikatika pale tu alipouhitaji. Nilijaribu kubadili mkono, ikabidi nijikunje kama ninatafuta kitu chini ya kiti. Nikajaribu kuikandamiza adapta kwa goti. Nikafikiria kuuvua mkono wangu kutoka kwake ili nishike adapta kwa mikono yote miwili, hilo nalisema kwa sababu nililifikiria kweli. Ningetimiza ahadi. Lakini alikuwa amenishika mimi, si kiti, na sikuweza.

"Si mnasoma umeme huko shuleni?" baba aliniuliza. Hakuwa mkali. Alikuwa anatafuta msaada.

"Tunasoma, baba."

"Sasa?"

Niko kidato cha tatu. Nina alama nzuri za fizikia, naweza kuchora saketi na kukokotoa ukinzani, na pale nilikuwa nimeshindwa na tundu.

Adapta ikaanza kupata moto. Kwanza nilidhani ni kidole changu. Kisha nikasikia harufu ya plastiki, nikavumilia, ngozi ikaanza kuuma kweli. Kijitaa chake chekundu kikacheza mara mbili, kikazima. Nikakandamiza kushoto, kulia, nikazungusha, nikachomoa na kuchomeka. Redio ikarudi kwenye mluzi wake. Baba akanyoosha mkono akaizima.

Ndipo nikasikia mvua juu ya paa, na wifi.

Sitaandika alivyolia. Alijua mwenyewe angelia vipi, na ndivyo alivyolia. Nikawaza niimbe mimi. Kwaya ile nzima naijua, sauti zote nne, naziimba kila siku nikiwa peke yangu shambani. Nilifungua mdomo. Ukatoka upepo. Nikajaribu tena, nikatoa kitu kama kikohozi, baba akageuka kuniangalia, nikafunga mdomo. Mpaka sasa jambo hilo linaniuma kuliko kidole.

Kisha wifi akasema, wazi kabisa, bila kunipitia mimi, "Baba, simamisha gari. Nakuomba, baba."

Baba akafunga breki. Gari likaserereka kidogo, likasimama karibu na shamba la chai la watu. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akaenda kusimama mbele ya gari kwenye mvua, ametupa mgongo, mikono hajui aiweke wapi. Akaivua kofia, akaivaa tena. Wifi alikuwa amelaza paji la uso nyuma ya kiti changu, anasema neno moja tu, "Amenisikia. Amenisikia." Mimi nilikuwa nimeshika adapta iliyoungua, bado naikandamiza.

Uchungu ulipopita, baba hakufungua mlango moja kwa moja. Alikuja hadi pembeni ya gari, akakohoa mara mbili, kama anavyofanya getini. Akasubiri kidogo. Wifi akavuta khanga akajifunika. Ndipo akaingia, maji yanamdondoka kwenye pua.

Akaondoa gari, na uchungu uliofuata ulipoanza, kabla wifi hajatoa hata sauti, baba akaweka kiganja kwenye honi na hakukitoa.

Honi ya gari lile ni mbaya, nyembamba, inalia kama filimbi yenye mafua. Alipiga mpaka uchungu ukaisha. Akaachia. Ulipoanza mwingine akapiga tena. Sijui alijuaje, labda kwa jinsi nilivyokuwa navutwa nyuma. Tulitoka kwenye tope hivyo, tukaingia lami pale Kyimo hivyo. Wanaouza ndizi na parachichi kando ya barabara wakainuka chini ya miavuli yao. Mmoja akapiga vigelegele, wenzake wakapokea. Mwingine akainama kuchungulia dirishani kwangu, gari likipita polepole kwenye tuta, akauliza, "Bibi harusi yuko wapi, mbona hamjampamba?"

Sikuweza kucheka wala kulia. Niliangalia mbele kama baba.

Hospitalini Tukuyu walimpokea na kiti cha magurudumu, mlango ukafungwa. Mimi na baba tukakaa kwenye benchi. Saa kumi na mbili na robo jioni nesi akatoka akasema ni wa kike, mama yake mzima. Baba akavua kofia akaitazama ndani. Akaniambia twende nyumbani, kesho niwahi na uji. Njiani hakugusa honi hata mbele ya ng'ombe.

Asubuhi niliamka saa kumi na moja nikakoroga uji. Nilipotoka na chupa ya chai niliyoujazia, baba alikuwa tayari garini, mlango wazi, ana kisu na kipande cha msasa, anakwangua lile tundu. Adapta ilikuwa kwenye goti lake. Aliichomeka mbele yangu. Kijitaa hakikuwaka. Akaichomoa, akaipuliza, akachomeka tena.

"Imeungua, baba," nilisema.

"Naona." Aliendelea kuikodolea macho. "Atarudije sasa?"

Nilielewa anachouliza. Barabara ilikuwa ile ile, na gari lile lile. Alikuwa anauliza atakaaje humo ndani.

"Sijui, baba."

"Mwambie ndaga fijo," alisema, yaani asante sana, kwa lugha yetu. "Mwambie hivyo tu. Ya honi na hayo mengine usimwambie."

Kuna bodaboda aliyekubali kunipeleka, mvua ilikuwa imepungua. Wifi nilimkuta amekaa kitandani, uso umevimba, mtoto amelala kifuani. Nikampa ujumbe wa baba kama ulivyo. Akainamisha kichwa kuupokea, kama vile baba yuko pale. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Alinisikia sana?"

Baba alisema nisiseme, na mimi kusema kwenyewe siwezi. Nikatafuta uongo mzuri sikuupata.

"Alisikia," nikasema. "Ndiyo maana akapiga honi. Asisikie tena."

Wifi akanitazama. "Ile honi ilikuwa kwa ajili yangu?"

"Yote."

"Mimi nilidhani ni ng'ombe," alisema. "Nikawa najiuliza, jamani, barabara hii leo ina ng'ombe wangapi."

Mabega yakaanza kumtikisika. Akajishika tumbo kwa mkono mmoja, akatafuta khanga ya kujifunika mdomo, mkono wa pili umeshika mtoto, akawa hana wa tatu. Nikaweka chupa chini, nikamchukua mtoto, kidole changu chenye lengelenge nikakinyanyua kisimguse, nikamshika ili mama yake acheke vizuri.