Mwenye Mti Ahamishwe Kwanza

Mwanangu, nakumbuka siku moja kule Dundori, miaka ya hamsini, nikiwa bibi harusi wa juzi tu. Baba mkwe wangu alifanya kazi kwenye shamba la mzungu, na sote tuliishi humo humo. Msitu ulikuwa umekatwa ili kupandwa pareto, ukabaki mti mmoja mkubwa wa mtarakwa. Wazee waliuacha makusudi, maana roho iliyolinda msitu mzima ilikuwa imehamia pale. Sasa mzungu akataka na huo uangushwe.

Baba mkwe, aliyepewa kazi hiyo, hakugusa shoka kwanza. Alichukua tawi refu, akaliegemeza kwenye shina, akavua kofia, akazungumza na ile roho kwa upole ili ishike tawi. Kisha akalibeba polepole, akavuka mto, akaliegemeza kwenye mti mwingine. Nami, msichana wa misheni niliyejua kusoma, nikaangua kicheko.

"Unacheka?" akaniuliza. "Huyu alikuwa hapa kabla yetu. Nikimvunjia nyumba bila kumwonyesha nyingine, mimi ni mtu wa aina gani?"

Niliona aibu, lakini si sana. Unajua ujana na kiburi chake.

Haukupita muda, Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ikatufikia, watu wetu wakaanza kufukuzwa mashambani. Asubuhi moja lori likaja na askari. "Haya, panda! Haraka!" Viazi vilikuwa motoni, tukaviacha vikichemka. Baba mkwe, aliyezeekea shamba lile, hakuruhusiwa hata kurudi kuchukua kofia yake. Ndani ya lori alilia, mwanangu, mzee mzima, akasema, "Hata roho ya mti niliitafutia pa kwenda." Moyo wangu uliniuma, na unaniuma hadi leo.

Nakwambia haya kwa sababu nimesikia umenunua ploti pale Lanet, na kesho unaleta trekta kubomoa kibanda cha yule mama mboga anayeuzia hapo. Ploti ni yako, sikatai. Lakini nenda leo, vua hiyo kofia yako ya bei, muulize atauzia wapi. Mtafutie mahali, umbebee hata meza. Trekta ije baadaye.

Mungu akupe nyumba isiyo na chozi la mtu ndani yake. Na siku utakapohamishwa wewe, akuletee mtu wa kukubebea tawi.