Miguu ya Mzee Albano

Hapa Voi ninapofundisha, walimu wenzangu hunicheka kila asubuhi. Nikipita getini humwamkia mfagizi wa shule "shikamoo", naye ni mzee ambaye wao humwita kwa mluzi. "Mtanzania huyo!" husema. Sikatai. Bado naamini kila nililowahi kusema kuhusu usawa wa binadamu, na mwenye hoja aje tubishane. Lakini shikamoo yangu niliipata Temeke, Dar es Salaam, katika uwanja uliojaa vumbi jeusi la mpingo, na mpaka leo nikisikia harufu ya mbao mbichi moyo wangu hurudi kule.

Ilikuwa Machi 1973. Chuo Kikuu pale Mlimani kilikuwa kinafungwa kwa likizo ndefu, nami sikuwa na pa kwenda. Wenzangu walifunga mabegi kuelekea Bukoba, Songea, Tanga. Kwetu ni Taita, Kenya, na baba yangu alikuwa ameniandikia nisikanyage kwake mpaka niache siasa. Nilimjibu kwa kurasa sita. Hakuandika tena.

Rafiki yangu Fransis akanialika kwao, Ijumaa mpaka Jumapili.

"Wakikuzoea, utakaa likizo nzima," alisema. "Mama hana neno. Mzee ndiye wa kumpata. We msalimie vizuri tu, mengine yatajipa."

Angeniambia nibebe gunia la mchele kutoka Mlimani mpaka Temeke, ningelibeba. Lakini kusalimia! Wiki ileile nilikuwa nimesimama juu ya kiti bwenini na kutangaza kwamba shikamoo ni salamu ya watumwa, maana yake nashika miguu yako, na nchi inayojenga ujamaa haina miguu ya kushikwa. Walinipigia makofi. Niliapa mbele yao kwamba sitaitamka tena.

Baba yake Fransis, Mzee Albano, alikuwa mchongaji. Tulimkuta uani chini ya banda la makuti, ameketi juu ya gunia, miguu ameinyoosha mbele, gogo la mpingo amelibana katikati ya nyayo zake. Mkononi alikuwa na tezo ya kuchongea. Usoni alikuwa na chale za Kimakonde.

Fransis akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nami nikanyoosha mkono. "Habari za kazi, Ndugu Albano?"

Tezo ikasimama hewani. Fransis akafumba macho.

"Nzuri, mgeni," mzee akajibu, akaendelea kuchonga. Mkono wangu ukabaki peke yake.

Jikoni nako sikujifunza. Mama yake, Anastasia, alikuwa anapika kisamvu, nami nikamwita Ndugu Anastasia. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Ndugu yako? Tulinyonya ziwa gani mie na wewe? Karibu mwanangu, kula kwanza. Undugu tutautafuta ukishashiba."

Nilishiba. Nililala chumba kimoja na Fransis, katikati ya vinyago visivyomalizika. Nilikula ugali wa muhogo ambao sijauonja tena tangu nirudi kwetu. Kila kitu nilipewa, isipokuwa jina. "Mgeni apewe maji." "Mgeni aongezwe kisamvu." Kinywani mwa Mzee Albano neno lile lilikuwa uzio, nami nilikuwa nje yake.

Jumamosi jioni, tukila, nikaona nimweleze. Nilizungumza juu ya mabwana na watwana, nikaipasua shikamoo vipande vipande kwenye mkeka wake mwenyewe. Alitafuna taratibu mpaka nikamaliza.

"Umesoma," alisema. "Mgeni amesoma sana."

Fransis akanivuta nje. "Umeharibu! Mzee kaniuliza kesho unaondoka na basi la saa ngapi!"

Jumapili, tuliporudi kutoka kanisani, mzee aliniita bandani.

"Leo siku ya ngapi, mgeni?"

"Ya tatu."

"Ya tatu mgeni hupewa jembe. Sie hapa hatuna shamba." Akanitupia kipande cha msasa na kinyago cha mwanamke aliyejitwika mtungi. "Sugua."

"Jumapili, Baba Fransis!" Mama alilalamika toka jikoni.

"Anayefanya kazi ni yeye. Mie nimekaa tu."

Lakini gogo lake lilikuwa tayari katikati ya nyayo. Nilisugua mpaka vidole vikawa vyeusi. Mzee akasema, bila kunitazama:

"Unamjua mia nne na kumi na saba?"

"Simjui."

"Ndiye mie."

Alikuwa kijana alipovuka Ruvuma kutoka upande wa Mueda, Msumbiji, akachukuliwa manamba, kibarua wa mkataba, kwenye shamba la mkonge. Kule nyapara hakuuliza mtu jina.

"Miaka tisa," alisema. "Asubuhi, mia nne na kumi na saba! Jioni, mia nne na kumi na saba! Mwenzangu alipokufa, hata msalaba wake walipiga namba. Nikaja hapa Temeke, sina mke, sina ndugu. Siku moja nipo bombani nachota maji, katoto ka jirani kananipita, kakasema, shikamoo. Nikageuka nione kanamsalimia nani." Akatabasamu peke yake. "Hapakuwa na mtu nyuma yangu."

Msasa ulisimama. Jibu nilikuwa nalo, sijawahi kukosa jibu, na lilikuwa zuri. Nikalimeza.

"Shikamoo, baba."

Akaonyesha kwa tezo nyayo zake zilizobana gogo.

"Miguu hii ina kazi, huoni? Haina nafasi ya kushikwa. We shika msasa."

Nikainama. Baadaye kidogo, kwa sauti ya chini, akasema, "Marahaba." Na mara hiyohiyo, "Sugua hapo kisogoni, bado pana makovu."

Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni. "Mama Fransis! Mwanao huyu anakoroma kama msumeno. Akileta begi lake toka chuoni, umtandikie chumba cha uani, mwenzake apate usingizi."

"Nani, mgeni?"

"Mgeni gani?" akasema Mzee Albano, akipuliza vumbi kwenye gogo. "Mgeni kaondoka jana."