Miyenzi Niliyoing'oa Kamenge

Nianze kukiri mwenyewe kabla wengine hawajaniwahi, maana Bujumbura habari ya aibu hailali ndani: mimi ndiye yule mwanafunzi wa jiografia aliyeng'oa mipaka ya watu, akasababisha moshi uliokimbiza mtaa mzima, akakamuliwa machoni maziwa ya mama anayenyonyesha, mbele ya profesa wake, na yote hayo kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Chekeni, chekeni kabisa, mimi nimeshazoea, ila mkimaliza mnisikilize mpaka mwisho kwa sababu kuna sehemu moja ambayo simruhusu mtu anicheke.

Ilikuwa miaka ya vita. Profesa wetu (mtu mpole sana, viatu vyake vinang'aa hata barabara zikiwa vumbi tupu) aliamua kwamba mji hausomwi ubaoni, kwa hiyo kila mwanafunzi wa kozi yake alipaswa kufanya kazi Jumamosi kumi na mbili katika mtaa wenye shida, bila malipo, halafu aandike ripoti ya yale aliyojifunza kwa watu wa hapo. Na siku zile kutoka mtaa wako kwenda mtaa wa wengine halikuwa jambo la kuamka na kuondoka tu, kila mtaa ulikuwa na watu wake na hofu yake. Sisi kumi na mmoja tukachagua Kamenge, mahali ambapo nyumba zilikuwa zimebomolewa, wenyewe wametawanyika, na wachache ndio kwanza walikuwa wanarudi kidogo kidogo.

Nyumbani kwetu Bwiza mama aliposikia aliacha hata chai yake.

“Zuena, watu wanakimbia Kamenge, we unakimbilia huko?”

“Mama, ni kazi ya shule.”

“Shule gani inatuma mutoto kwenye risasi? Baba yako iko na magari ya watu hapo inje, kaa umushikie spana. Hiyo njo kazi.”

Nikaenda. Nilikwenda Jumamosi ya kwanza, nikaenda ya pili, na kila mara mama alinisindikiza mpaka mlangoni na dua na maneno makali kwa pamoja. Mimi ukiniambia usiende ndiyo umenifungulia njia, nilizaliwa hivyo, sina pa kupeleka malalamiko.

Sasa tufike Jumamosi ya sita. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Spès, mjane wa miaka sitini hivi, mwembamba, wa maneno machache, aliyekuwa wa kwanza kurudi katika kichochoro chake. Kando ya nyumba yake kulikuwa na viwanja vinne ambavyo wenyewe walikuwa hawajarudi, na nyasi zimepanda mpaka kifuani. Siku hiyo saa sita alikuwa anakuja karani wa ardhi na kitabu chake, pamoja na profesa wetu. Makaratasi ya watu yaliungua pamoja na nyumba, kwa hiyo karani angefanya hivi: kiwanja chenye mpaka unaoonekana anaandika jina la mwenyewe hata kama hayupo, kisicho na mpaka anaandika kwamba ni pori, na pori hupewa mtu mwingine. Hilo nililijua. Nataka mlishike vizuri, kwamba nililijua, kwa sababu hapo ndipo panaponiuma.

Kazi yetu ilikuwa kukata nyasi ili karani aone. Asubuhi ile mjukuu wa Mama Spès alishikwa na homa, bibi yake akambeba mgongoni kumpeleka dispensari, akaniambia mimi, kwa kuwa ndiye niliyejifanya kiongozi:

“Kateni majani tu. Kitu kingine musikiguse mupaka nirudi.”

Nikasema ndiyo mama. (Ndiyo yangu ya siku zile ilikuwa nyepesi sana.)

Tukakata. Nyasi zilipolala nikaona ndani yake vijiti vya muyenzi, vimesimama kimoja huku kimoja kule, vinafika magotini, vingine vimepinda. Muyenzi mnaujua, ule mti wa fito za kijani usio na majani, ambao ukiuvunja unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Kwingine wanauita mnyaa. Wenye asili ya milimani wangejua mara moja wanaona nini. Lakini mimi ni mtoto wa Bwiza, kwetu mpaka ni ukuta wa matofali au bati, na jirani akisogeza bati kwa upana wa kiganja mnaamkia kwa chef de quartier, mkuu wa mtaa. Mti mmoja peke yake kwangu ulikuwa ni mti mmoja peke yake. Nikasema haya ni magugu, yanaharibu sura ya mahali, tuyaondoe, halafu chini tutaona misingi ya nyumba, nitapiga kamba na vigingi kitaalamu, karani akifika akute kazi ya watu waliosoma.

“Mama alisema tungoje,” akanikumbusha Désiré, mwenzetu mmoja mrefu aliyekuwa na panga.

“Karani hatungoji,” nikamjibu. “Ng'oa.”

Tukang'oa vyote kumi. Halafu nikatafuta misingi. Rafiki zangu, misingi haikuwepo! Mawe yalikuwa yamebebwa zamani, moja moja, na watu waliojengea kwao, na pale mbele yangu palibaki udongo mwekundu mtupu, laini, unaweza kuchezea mpira. Badala ya kusimama na kufikiri nikasema tuondoe kwanza hizi takataka, na Désiré, ambaye ni mvutaji na kiberiti hakimtoki mfukoni, akasema tuchome. Nikasema choma.

Nyasi kavu chini, miyenzi mibichi juu. Mnajua kilichotoka? Moshi. Moshi mzito, mweusi, ulionyooka juu ya Kamenge mpaka nadhani mama yangu aliuona kutoka Bwiza. Na nyinyi ambao hamkuishi miaka ile hamwezi kujua moshi ni nini. Hakuna aliyeuliza unatoka wapi. Mtu alishika mtoto, godoro na sufuria, akafuata barabara inayoshuka mjini. Kufumba na kufumbua kichochoro kilijaa watu wanaokimbia, kuku wananing'inia mikononi, wanawake wanaita majina ya watoto, na mimi nimesimama katikati napunga mikono: “Ni sisi! Ni takataka! Rudini!” Nani amsikilize msichana mwenye masizi usoni? Hata wenzetu wawili walikimbia, na mmoja wao alikuwa Désiré, aliyewasha moto kwa mkono wake mwenyewe.

Jasho likanitiririka, nikajifuta macho kwa viganja. Viganja hivyo vilikuwa vimejaa utomvu wa miyenzi kumi.

Wallahi sijawahi kusikia maumivu ya aina ile. Nilipiga kelele, na kelele zangu zikawaongezea watu mbio. Mama mmoja aliyekuwa akikimbia na mtoto mchanga kifuani akasimama, akanitazama, akasema kwa sauti ya mtu anayejua: “Huyu ameingiwa na maziwa ya muyenzi! Mumulalishe!” Wakanilaza chali kichwa mapajani mwake, akanifungua jicho kwa vidole viwili, akatoa ziwa, akanikamulia. (Ndiyo dawa yake, inasaidia kweli, msiidharau.) Jicho la kulia, jicho la kushoto, mtoto wake analia kwa kuona chakula chake kinamwagwa kwa mtu mzima. Na katikati ya tiba hiyo nikasikia juu ya kichwa changu sauti ya upole:

“Mademoiselle Zuena?”

Profesa. Na karani kando yake. Na nyuma yao buti za askari watatu waliopanda mbio kutoka kwenye kituo chao.

“Nani amewasha moto?” askari mmoja akauliza.

Nikainua mkono nikiwa bado chali.

“We ni mwanafunzi?”

“Ndiyo, afande.”

“Na masomo yote hayo!” akasema, wenzake wakacheka, na watu waliosikia kicheko cha askari wakajua hakuna shambulio, wakaanza kurudi mmoja mmoja na magodoro yao kichwani, na kila aliyefika alielezwa habari yangu upya na aliyemtangulia. Niliwasikia wakicheka kwa zamu.

Kicheko kilikatika ghafla. Nikafungua jicho moja, nikaona ukungu, na ndani ya ukungu Mama Spès amesimama na mjukuu mgongoni, anatazama ule udongo mtupu. Hakunipigia kelele. Laiti angenipiga.

“Nilikuambia nini?”

“Ulisema tukungoje.”

“Na uliningoja?”

Ndipo akawaeleza wote, taratibu, kwamba miyenzi ile aliipanda yeye, miaka miwili, kila aliporudi kutoka mtoni na maji, akihesabu hatua kutoka mlangoni kwake kwa kukumbuka tu: hapa jirani alikuwa anaanika maharage, hapa watoto walikuwa wanaruka mfereji. Muyenzi mmoja kila pembe, viwanja vinne, pembe kumi. Hakupanda ua mrefu kwa sababu alikuwa mzee, na peke yake, na vipande vya kupanda alikuwa anaviomba mbali. Alikuwa anawatunzia majirani mahali pa kurudi. Nikaona aibu mpaka mifupani, na sisemi hivyo kwa kupamba, niliona aibu na nikalia, na machozi yale hayakuwa ya utomvu.

Karani alikuwa na haraka zake. Akafungua kitabu.

“Bon. Mimi naandika ninachokiona. Hapa hakuna mpaka. Pori.”

Hapo ndipo kichwa changu kigumu, kilichoniletea balaa lote, kikaamka kwa faida. Nikainuka, masizi usoni, maziwa yananidondoka kidevuni, nikasema:

“Usiandike.”

“Unasema?”

“Usiandike pori. Mipaka nimeing'oa mimi, leo hii, saa nne. Mashimo yake ni mabichi, weka mkono. Kosa ni langu, kwa hiyo jina langu liandike popote unapotaka, lakini hapa ni kwa watu.”

Profesa akachuchumaa na suruali yake safi, akatia vidole ndani ya shimo moja, akavitoa na udongo wenye unyevu na kipande cha mzizi kinachotoa maziwa. Akamwonyesha karani.

“Shimo si mpaka,” karani akasema.

“Basi ngoja,” nikamwambia, na nikawageukia wenzangu. “Kila mtu asimame kwenye shimo alilong'oa!”

Wakasimama. Tulikuwa tisa, mashimo kumi, na mimi sioni vizuri, kwa hiyo Mama Spès akanishika mkono akanipeleka kwenye pembe yangu mwenyewe, akanibonyeza bega kama mtu anayeshindilia udongo. Shimo la kumi, la Désiré, likabaki tupu. Basi mzee mmoja aliyekuwa amerudi na godoro kichwani akaenda akasimama pale, na godoro lake, bila kuombwa na mtu.

“Mutasimama mupaka lini?” karani akauliza.

“Mpaka uandike,” nikasema. “Sisi hatuna haraka, tuna Jumamosi sita zimebaki.”

Watu wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa upande wetu. Hata yule askari alisema, “Andika, karani, jua ni kali.” Karani akatutazama, akatazama kitabu, akatoa futi yake ya kupimia. Akaanza kuvuta kutoka mtu hadi mtu, na Mama Spès anatembea kando yake akitaja.

“Hapa ni kwa Melkiori, fundi baiskeli. Hapa ni kwa Hadija, muuza maandazi, na mama yake. Hapa ni kwa walimu wale wawili, bibi na bwana, iko watoto wane.”

Kwenye kiwanja cha nne akasema, “Hapa kwa Karoli.”

Watu wakaguna. Sikumjua huyo Karoli, lakini nilisikia nyuma yangu wakinong'ona alichofanya siku za fujo, na aliyemfanyia, na mama mmoja akasema kwa sauti, “Huyo naye unamupandia muti?”

Mama Spès hakugeuka. “Mi sikupanda kwa sababu ya tabia yake. Nilipanda kwa sababu ni kwake.”

Karani akaandika. Majina manne, kwa wino, na profesa akaweka sahihi kama shahidi.

Miyenzi tuliyoiopoa motoni ilikuwa imebabuka tu (haifi upesi, ile), tukakata vipande, tukairudisha ardhini siku hiyo hiyo, mikono imefungwa matambara, mimi nikiongozwa kama kipofu. Désiré alirudi saa nane akasema alikwenda kutafuta msaada. Mtaa mzima ulimtania kwa msaada huo mpaka mwisho wa kozi. Na profesa aliniwekea kumi na moja juu ya ishirini, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: *Hakungoja.* Sikukata rufaa.

Kwa hiyo nimekoma. Sing'oi tena mmea wowote kabla sijamuuliza aliyeupanda, hata kama umeota katikati ya mlango wangu. Lakini wanaosema kwamba nisingekwenda Kamenge tangu mwanzo, ingekuwa heri, hapo ndipo tunapogombana. Nilikwenda, nikaharibu, nikasimama pale pale nilipoharibu mpaka likaandikwa jina la mwisho, na Jumamosi ya saba, saa mbili asubuhi, macho bado mekundu, nilikuwa mlangoni kwa Mama Spès nikimuuliza tuanzie wapi.