Waliuliza nani bado anatumia kadi za zamani kwenye Linux, nikanyamaza

Wakuu, assalam aleikum, na wengine wote hamjambo.

Mimi ni mzee wa Mji wa Kale, Mombasa. Nilisoma hadi kidato cha nne, kompyuta nilijifunza kwa kuzifungua. Haya yamenipata mwenyewe, na mbaya ndani yake ni mimi.

Kuna Bhai mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi Bondeni. Zamani nilimwekea mtandao wa dukani. Kompyuta ya kaunta inatumia Linux, ule mfumo wa bure badala ya Windows, na nyuma ya duka kuna mashine ya kuchanganya rangi. Karani akiandika rangi mbele, mashine inaichanganya nyuma.

Mashine hiyo ni kongwe. Huzungumza na kaunta kupitia kadi ya mtandao ya zamani, ile ya waya mweusi kama wa antena ya televisheni. Kadi mpya haikubali.

Miaka yote fundi wa Bhai ni mimi. Barazani, tukinywa kahawa baada ya Alasiri, nilikuwa naitwa Injinia. (Msicheke. Kwa mtu kama mimi jina hilo ni tamu.)

Kisha akarudi Swaleh.

Tumekua mtaa mmoja. Alikwenda Maskati ujanani, amerudi mstaafu na laptop nyembamba. Mara baraza zima likahamia kwake. "Muulize Swaleh." "Swaleh asemaje?" Hata kahawa ikawa inaanza kumiminwa kwake.

Wivu unauma kama jino, wakuu.

Sasa, wanaoandika Linux hujadiliana hadharani kwa barua pepe. Mimi huzisoma, hata nisizozielewa. Siku moja mmoja akauliza: draiva, yaani programu inayoiwezesha Linux kuzitambua kadi hizi za zamani, ni kazi kuitunza, kuna yeyote bado anaitumia? Kama hakuna, tutaiondoa.

Nilikuwepo mimi!

Nikaanza kuandika jibu, nikaona haya na Kiingereza changu, nikafuta. Draiva ikaondolewa.

Hilo kosa dogo. Kubwa laja.

Bhai akamwomba Swaleh amwekee toleo jipya la Linux. Swaleh akaniuliza mbele ya watu, "Ndugu yangu, wewe ndiye uliyeuweka huo mtandao. Kuna kitu nijihadhari nacho?"

Nikapiga funda la kahawa. "Hapana. Endelea tu, Maskati."

Nilitaka aaibike, basi.

Na aliaibika. Toleo jipya halikuiona ile kadi kabisa. Karani akawa anapiga kelele kutoka kaunta, "Kijani cha msikiti, galoni!" na nyuma wanachanganya kwa kukisia. Mama mmoja wa Buxton alirudi na ndoo yake: "Bhai, nilitaka rangi ya maziwa, huu si uji wa wimbi?"

Nilicheka peke yangu njia nzima.

Nikaitwa, nikarudisha toleo la zamani, mashine ikafufuka. "Shukran, Injinia," Bhai akasema. Wakuu, nilitembea kama bwana harusi.

Swaleh hakununa. Alitafuta sababu hadi akaikuta ile barua. Akawaandikia wale watu: sisi Mombasa bado tunaitumia, mkiirudisha nitawajaribia mimi kila toleo.

Wakairudisha. Na kwa desturi yao, aliyejaribu huandikwa jina. Jina la Swaleh sasa limo ndani ya Linux, na hakuna wa kulifuta.

Nimeisoma barua yake. Kiingereza chake kibovu kuliko changu.

Alinionyesha barazani. "Nilitaka niandike lako pia, kadi uliziweka wewe. Kisha nikaona swali liliulizwa zamani. Nawe wazisoma barua hizi kila siku, umetuambia mwenyewe." Akanitazama. "Ulijua?"

"Nilijua."

Swaleh akanisogezea kikombe chake. "Kunywa, Injinia."

Mara hiyo jina halikuwa tamu.

Nilichojifunza: mtu akiuliza kama bado mpo mnaotumia kitu, jibuni, hata kwa Kiingereza cha kuvunjika. Na mwenzako akikuuliza kuhusu hatari unayoijua, mwambie.

Wivu haujaisha, sitawadanganya. Bado hufungua ukurasa wa Linux walikoliandika jina lake, nikalitazama.

Nanyi je, nani amewahi kumnyima rafiki neno moja tu? Mlipatanaje? Semeni. Hata wa kunitukana nitamsoma.