Mama Profesa Anataka Karatasi Chafu

Tangu shule ya msingi tulifundishwa kuandika kwanza kwenye brouillon, karatasi ya kubahatisha, kisha kunakili kazi safi kwenye karatasi nyingine. Mwalimu alisahihisha ile safi tu. Wenzangu walinakili mara moja. Mimi nikiona mstari umepinda kidogo nilianza upya, na hata sasa, nikisomea uhandisi hapa Lubumbashi, neno lililokatwa hunitoa jasho mkononi. Nadhani ni hofu. Sekondari nilisomea ualimu. Hesabu za uhandisi nilijifundisha kwa video za simu na vitabu vya fotokopi, kwa hiyo kila siku nangoja mtu agundue mahali niliporuka.

Mama Profesa alimpa kila mmoja wetu ubao. Tuulaze juu ya matofali mawili, tuupakie mifuko midogo ya mchanga, mmoja baada ya mwingine, na kila mara tupime katikati umeshuka kiasi gani. Atakayeanguka kazi hii, alisema, atarudia somo lote mwaka ujao.

"Majibu mabaya nitayasoma. Majibu ya kuazima, hapana. Muniletee na brouillon."

Nilisikia vizuri. Lakini nyumbani kwetu Naviundu brouillon zangu huenda kwenye kikapu kando ya mbabula, jiko letu la makaa, na mkono uliitupa na ya kazi hii humo kabla kichwa hakijakumbuka.

Siku ya kutoa kazi akauliza, "Brouillon yako iko wapi?"

"Mama yangu aliiwashia moto wa kupika bukari, Mama Profesa."

Darasa zima likacheka. Jirani yangu wa benchi, ambaye baba yake anashughulikia karatasi za malori kule mpakani Kasumbalesa, akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote: "Kwetu lori isiyo na karatasi inalala ku mupaka."

Mama Profesa alikuwa anatazama mchoro wangu. Nukta za vipimo vyangu zilikaa kwenye mstari mmoja kama watoto mbele ya bendera.

"Mutoto wangu, huu ni ubao ao ni chuma? Mbao haijanitii hivi hata siku moja."

Nilimweleza, tena kwa fahari, kwamba nilipima mara nyingi na kubakiza vipimo vilivyolingana.

"Na vile vingine?"

"Vilikuwa vibaya."

"Vilikuwa vibaya, ao havikukufurahisha?"

Kweli nilidhani huo ndio uangalifu. Nikaona mwaka mzima unateleza.

"Kesho utapima mbele yangu," akasema. "Mara moja. Kwa kalamu ya bic. Hakuna kunakili."

Kesho yake jirani yangu alikuja kunibebea mifuko, hasa ili aone, nadhani. Mitatu ya kwanza ilikwenda vizuri. Wa nne ulipofika, ubao ukashuka karibu mara mbili ya nilivyotarajia. Mkono wangu ukaenda kuutoa mfuko ili nianze upya.

"Andika," akasema Mama Profesa.

Nikaandika. Nikakosea tarakimu, nikaikata, nikaandika juu yake. Ukurasa ulionekana kama kuku wamepita. Mwisho ilibidi nieleze kwa nini ubao ulishuka hivyo. Ningeweza kutunga sababu tatu nzuri, moja ina hata fomula. Nikaandika: "Sijui."

Lilikuwa neno gumu kuliko fomula. Nilimpa karatasi nikiangalia viatu vyake.

Alisoma, akacheka kidogo. "Sasa tunaweza kuanza. Nani aliweka mufuko wa nne?"

Jirani yangu akajikuna shingo. "Mama Profesa, ule sikuuweka. Niliutupa. Mikono ilikuwa imechoka."

"Umesikia? Andika na hiyo."

Niliandika chini ya "Sijui" kwamba mfuko wa nne ulitupwa, na nani aliutupa, na kwamba kipimo kile kinabaki kama kilivyo. Mama Profesa akachukua bic nyekundu, akaweka alama kumi na nne kwa ishirini papo hapo, juu ya meza ya maabara. Sikuwa nimewahi kufurahia kumi na nne. Kwa kawaida ningelia.

Tulipotoka nje jirani yangu alikuwa tayari anadai mbili kati ya hizo. "Bila mimi kutupa," alisema, "ungeandika nini?"

Nilimwambia anaweza kuchukua moja.